Barua kwa vijana wa kliniki za ngozi: Hansen, na mwanamke aliyeitwa Kari

Wanangu,

Nawasalimu nyote, na hongereni kwa kumaliza masomo. Nimesikia kwamba baadhi yenu mliopangiwa kliniki za ngozi mmeanza kunung'unika. Wenzenu wamekwenda upasuaji, wengine wamekwenda magonjwa ya moyo, nanyi mnaona mmeachiwa upele na fangasi. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu, na sijaona chumba kingine cha hospitali ambamo mtu huingia akiwa amekwisha kuhukumiwa njiani kabla daktari hajamtazama. Huwa tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa wa figo anaweza kuficha, hata wa moyo. Wa ngozi hana pa kuficha. Mwili wake umekwisha kutazamwa na jirani, na abiria mwenzake, na watoto wanaocheza nje, na kila mmoja ameupa ugonjwa jina lake.

Kwa hiyo nataka kuwasimulia habari za daktari mmoja wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, aliyeiona bakteria ya ukoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Maishani mwake kuna jinsi alivyotazama, na kuna siku ambayo hakuuliza. Vitabu vingi vya darasani huwapa wanafunzi la kwanza na kuliruka la pili. Mimi nawapa yote mawili, maana yote mawili mtakutana nayo chumbani kwenu kabla mwaka haujaisha.

Hansen alizaliwa mwaka 1841 mjini Bergen, pwani ya magharibi ya Norway, katika nyumba yenye watoto 15. Alisomea udaktari Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo, akahitimu 1866. Akatibu wavuvi kwenye visiwa vya Lofoten kwa muda mfupi, kisha mwaka 1868 akarudi kwao kufanya kazi ya ukoma. Watu wa leo hushangaa wakiambiwa kwamba ukoma ulikuwa janga la Ulaya ya kaskazini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkulima na mvuvi maskini wa pwani ile aliufahamu ukoma kwa jina na kwa sura. Bergen kulikuwa na hospitali ya St. Jørgen, iliyopokea wagonjwa hao tangu karne ya 15, na mwaka 1849 ikafunguliwa nyingine ya Lungegård kwa matibabu na utafiti.

Bingwa wa Lungegård alikuwa Daniel Cornelius Danielssen. Mwaka 1847, yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ukoma, chenye michoro ya rangi iliyoonyesha wagonjwa kwa uangalifu usiowahi kuonekana. Ni kazi ya heshima. Lakini Danielssen aliamini kwamba ukoma ni wa kurithi, kwamba unatembea katika damu ya ukoo. Alijichoma mwenyewe mara kadhaa kwa majimaji ya vinundu vya wagonjwa, na watumishi kadhaa wakafanyiwa vilevile. Hakuna aliyeugua, naye akazidi kushikilia imani yake. Leo tunajua kwamba miili ya watu wengi sana huishinda bakteria hii, na kwamba wale wachache wanaougua huchukua kama miaka 5, pengine 20 au zaidi, kabla ya dalili ya kwanza. Jaribio lake lisingeweza kumpa jibu.

Sasa fikirini nafasi aliyokuwa nayo Hansen. Danielssen alikuwa mkuu wake wa kazi. Danielssen ndiye aliyekuwa na jina Ulaya nzima. Tena Hansen alimwoa binti yake. Na katika hali hiyo kijana akaanza kuona kwamba mkwe wake amekosea.

Hakuanza kwa kubishana. Alianza na rejista. Serikali ya Norway ilikuwa imeanzisha rejista ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1856, ya kwanza ya namna yake kwa nchi nzima: jina la mgonjwa, kijiji chake, lini aliugua, ndugu zake ni akina nani, alikwenda wapi, alikufa lini. Kadiri miaka ilivyokwenda majina yakapita 8,000. Hansen alizunguka vijiji vya pwani, akauliza nani aliishi na nani, nani alilala chumba kimoja na nani. Aliona ugonjwa unafuata nyumba na ukaribu wa watu kuliko unavyofuata damu. Baadaye, mwaka 1888, alivuka bahari mpaka Marekani, akazitembelea familia za Wanorwei zilizohamia Wisconsin, Minnesota na Dakota. Baadhi ya wahamiaji hao walikuwa na ukoma. Kama ugonjwa ungekuwa wa kurithi, ungeonekana kwa watoto na wajukuu zao. Hakuukuta kwao.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu wengi wenu mnaichukia kazi ya kuandika. Nimeona rejista za kliniki zilizojazwa "ugonjwa wa ngozi" kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, mistari 30, kama vile watu wote 30 walikuwa mtu mmoja. Rejista ya namna hiyo haimsaidii hata aliyeiandika. Rejista za Bergen zilikuwa zimejazwa na watu waliojua kwamba hawatapata jibu wao wenyewe, na bado wakaandika jina la kijiji kwa herufi zinazosomeka. Mwaka 2001 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo za ukoma za Bergen katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ninyi andikeni doa liko wapi, lina ukubwa gani, lina ganzi au halina, limeanza lini, na nani mwingine nyumbani ana doa. Dakika 3 zinatosha.

Kisha ikaja hadubini. Mwaka 1873 Hansen alikata kinundu cha mgonjwa, akakikwangua, akaweka majimaji yake chini ya kioo, akaona vijiti vidogo ndani ya seli. Hapakuwa bado na njia nzuri ya kuvipaka rangi, kwa hiyo alivitazama vikiwa karibu havionekani, siku baada ya siku, akavichora. Mwaka 1874 alichapisha, na alichapisha kwa tahadhari kubwa: hakutangaza kwamba amethibitisha, alieleza alichokiona. Mnapaswa kujua kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa uhakika kwamba ugonjwa sugu wa binadamu unaletwa na bakteria. Robert Koch alitangaza bakteria ya kifua kikuu mwaka 1882, miaka 9 baada ya Hansen kuviona vijiti vyake.

Mwaka 1879 alifika Bergen daktari kijana kutoka Ujerumani, Albert Neisser, mwenye miaka 24. Hansen alimpokea vizuri, akampa sampuli. Neisser alizipaka rangi kwa njia mpya za Ujerumani, vijiti vikaonekana waziwazi, naye akachapisha akijitwalia sifa ya ugunduzi. Ulizuka ugomvi, na mwishowe dunia ikampa Hansen haki yake. Sitakaa sana hapo. Wanasayansi hugombea majina siku zote, na mgonjwa hanufaiki kwa lolote.

Ninachotaka kukaa nacho kilitokea mwaka huohuo wa 1879. Hansen alikuwa na bakteria lakini hakuwa na uthibitisho. Alijaribu kuipandikiza kwa wanyama, ikashindikana. Alijaribu kuiotesha maabara, ikashindikana, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuiotesha kwenye chombo cha maabara. Inakua polepole mno. Hugawanyika mara moja tu katika siku kama 12 hadi 14. Hansen alibanwa. Na katika wodi kulikuwa na mwanamke wa miaka 33 aitwaye Kari Nielsdatter, aliyekuwa na ukoma wa aina ya ganzi, ule usio na vinundu. Hansen alichukua majimaji kutoka kwenye kinundu cha mgonjwa mwingine, akayaingiza kwa kisu kidogo kwenye jicho la Kari, aone kama kinundu kitaota. Hakumwambia anafanya nini. Hakumwomba ruhusa.

Kinundu hakikuota. Lakini Kari aliumia, na hakunyamaza. Jambo likafika mahakamani Bergen, na Mei 1880 Hansen akahukumiwa kuwa na hatia, akaondolewa kazi yake ya udaktari hospitalini. Alipoulizwa kwa nini hakumwomba ruhusa, alikiri kwamba alidhani mgonjwa asingelitazama jambo lile kwa jicho alilolitazamia yeye.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara napata uchungu. Maana yake ni kwamba alijua atakataliwa, na kwa sababu alijua atakataliwa, hakuuliza. Danielssen, aliyeamini kwamba ukoma hauambukizi, alijichoma mwenyewe. Hansen, aliyeamini kuliko mtu yeyote duniani kwamba unaambukiza, alimchoma Kari, tena jichoni, kiungo ambacho ukoma hupenda kukiharibu na ambacho mtu mwenye mikono iliyokufa ganzi hukitegemea ili asijiunguze. Aliyajua hayo yote.

Kuna watakaowaambia kwamba zamani zile mambo yalikuwa hivyo, tusimhukumu mtu kwa sheria za leo. Waambieni kwamba aliyemhukumu ni mahakama ya mji wake, ya mwaka ule, kwa sheria ya wakati ule. Na aliyeanzisha yote ni mwanamke maskini mgonjwa wa ukoma, aliyejua bila kufundishwa na mtu kwamba jicho ni lake.

Tena haikuishia kwa Hansen. Neisser naye, yuleyule aliyechukua sampuli Bergen, baadaye alikuwa bingwa mkubwa wa magonjwa ya ngozi na ya zinaa huko Breslau, mji uliokuwa Ujerumani wakati ule. Katika miaka ya 1890 aliwachoma wanawake, wengi wao makahaba, majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ridhaa yao. Alishtakiwa, akatozwa faini, na mwaka 1900 serikali ya Prussia ikatoa agizo kwamba utafiti usifanywe kwa mtu asiyeelezwa na kukubali. Agizo hilo ni miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kuhusu ridhaa, na lilitoka katika kazi yetu, wanangu, kwenye ngozi. Nadhani najua sababu. Wagonjwa wetu ni rahisi kuwafikia. Hakuna haja ya kupasua. Sampuli iko juu ya mwili, unaikwangua na kuondoka. Na wengi huja wakiwa wamezoea kuonewa aibu, hawategemei kuulizwa kitu.

Hansen hakupoteza cheo cha daktari mkuu wa ukoma wa nchi nzima, alichokipata mwaka 1875. Alikishikilia mpaka alipokufa mwaka 1912 mjini Florø akiwa safarini. Sheria za mwaka 1877 na 1885 zilitokana kwa sehemu kubwa na msimamo wake. Ile ya pili iliruhusu mgonjwa atengwe, ama kwa chumba chake nyumbani ama hospitalini. Idadi ya wagonjwa iliendelea kushuka, na wagonjwa wawili wa mwisho wa St. Jørgen walifariki mwaka 1946. Wapo wanaosifu sheria ile na wapo wanaoona kwamba chakula bora na nyumba bora vilifanya kazi zaidi. Mimi naona vyote vilichangia, ila nchi nyingine ziliiga kule kutenga zikakufanya kuwa kifungo cha maisha, zikawatoa watoto mikononi mwa mama zao. Sasa hakuna sababu yoyote ya kumtenga mtu. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto, rifampisini, dapsoni na klofazimini, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Matibabu ni miezi 6 kwa wenye bakteria chache na 12 kwa wenye bakteria nyingi, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza kumeza. Hata hivyo wagonjwa wapya wanaoripotiwa duniani kila mwaka bado ni zaidi ya 170,000. Mtawaona.

Mtakapowaona, tazameni kama Hansen. Mpeleke mgonjwa penye mwanga wa jua, si taa ya dari. Vitabu vingi vimejaa picha za ngozi nyeupe na husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, utaona doa lililofifia kidogo au lenye rangi ya shaba, na ukiwa na haraka litakupita. Msokote pamba iwe na ncha nyembamba. Kwanza mguse akiwa amefungua macho, kwenye ngozi nzima, umwambie: nikikugusa hivi, weka kidole hapo nilipogusa. Akishaelewa, mwombe afumbe macho, ndipo uende kwenye doa. Kisha shika kiwiko chake, tafuta mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa upande wa ndani, uviringishe polepole chini ya vidole, ulinganishe kulia na kushoto. Unapofanya hivyo usitazame kiwiko. Tazama uso. Mshipa unaouma utauona usoni kabla hajasema neno, na mshipa unaouma ni dharura: dawa ya kutuliza uvimbe ikianza mapema, mkono unaweza kupona, ikichelewa miezi, vidole vinakunjika na havikunjuki tena. Kwa hiyo mwambie kila mgonjwa, hata aliyemaliza dawa, kwamba siku akihisi mkono unalegea au jicho linauma asisubiri tarehe ya kliniki.

Mnaona kwamba katika kumgusa kwa pamba nimeanza na maelezo. Kipimo chenyewe hakifanyiki bila mgonjwa kuelewa na kukubali. Vivyo hivyo kwenye kuchukua sampuli ya sikio: unabana ndewe mpaka iwe nyeupe, unachana kidogo, unakwangua. Ni jambo la dakika moja na ndiyo maana wengi hawaulizi. Ulizeni. Semeni mnachukua nini, kwa ajili gani, na kitauma kiasi gani. Akikataa, mwelezeni tena kwa lugha nyingine, na akikataa tena mumtibu kwa mnavyoona kwa macho na vidole. Doa lenye ganzi na mshipa uliovimba vinatosha kuanza dawa.

Sasa nije kwenye simu zenu, ambazo ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Nimeonyeshwa picha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya matabibu: mapaja, matiti, nyuso za watoto, uso mzima wa mzee mwenye vinundu, na chini yake mtu ameandika "kesi nzuri sana". Sina ugomvi na kuombana ushauri. Picha moja iliyotumwa kwa bingwa aliye mbali imeokoa watu wengi, na Danielssen na Boeck walifundisha Ulaya nzima kwa michoro. Ninachouliza ni kama yule mzee anajua kwamba uso wake uko kwenye simu za watu 200. Nilimuuliza kijana aliyeipiga. Alinijibu kwamba mgonjwa asingeelewa.

Ndilo jibu alilolitoa Hansen mahakamani mwaka 1880. Kijana huyo ni mwerevu na ana moyo mzuri, na anaweza kuja kuwa bingwa. Hansen naye alikuwa hivyo.

Kwa hiyo nawaomba jambo la kufanya jioni hii, msingoje mafunzo wala waraka. Fungueni simu. Picha ya kila mgonjwa ambaye hamkumuuliza, futeni, na waombeni wenzenu kwenye makundi wafute pia. Zile mnazozihitaji kwa matibabu, mgonjwa akirudi kliniki mwonyesheni, mwambieni mnataka kuitumia wapi na nani ataiona, mkiweza mzibe uso, mwandike kwenye faili lake kwamba amekubali. Akikataa, futeni mbele yake, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote mlizowahi kupiga.

Mzee wenu,
tabibu mstaafu wa ngozi